Malodi wa London na Pwani ya Gazi

Ukanda wa pwani unaoanza ng'ambo ya Likoni na kupitia Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni hadi Shimoni na Vanga, ambao leo kwa sehemu kubwa ni upande wa bahari wa Kaunti ya Kwale, ulipangiwa mipaka, watawala na sheria za ardhi na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga. Kati ya mwaka 1885 na mwaka 1963 maamuzi makubwa juu yake yalipitia mikononi mwa kundi dogo la makabaila wa Uingereza, yaani watu wa koo zenye vyeo vya kurithi na mashamba makubwa, ambao walipokezana uwaziri kana kwamba nao ulikuwa sehemu ya mirathi. Makabaila hao walipohitaji mtu wa kuzungumza naye upande huu wa bahari, walimtafuta mtu wa daraja lao: Sultani wa Unguja, liwali wake, au sheikh wa ukoo uliowahi kutawala. Mabaraza ya wazee wa Kidigo, ambayo hayakuwa na kiti cha enzi wala nasaba ya kuandikwa kwenye mkataba, yaliachwa nje ya karatasi, na gharama ya kuachwa huko ililipwa zaidi katika ardhi.

Kabla ya ramani

Katikati ya karne ya 19 pwani hii haikuwa na mtawala mmoja. Wadigo waliishi kwa kufuata kaya, yaani makao ya kale yaliyozungukwa na msitu mtakatifu, kama vile Kinondo, Diani, Tiwi na Kwale, na mambo yao yaliamuliwa na ngambi, baraza la wazee, huku ardhi na mali vikirithiwa kwa desturi ya upande wa mama, desturi iliyoanza kugongana na sheria ya Kiislamu kadiri Uislamu ulivyoenea miongoni mwao. Kusini zaidi, Wasini na Vanga, Wavumba walikuwa na diwani wao, mtawala wa Kiswahili mwenye siwa na heshima ya kale, aliyeishi kwa maelewano ya kupanda na kushuka na Wasegeju na Wadigo waliomzunguka. Juu ya hao wote, Sultani wa Unguja alidai mamlaka, ingawa katika vijiji vingi mamlaka hayo yalionekana kwenye ushuru wa bandari kuliko mahali pengine popote.

Ukoo wa Mazrui uliingia katika habari hii kwa kushindwa. Wamazrui, wenye asili ya Omani, waliitawala Mombasa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18 mpaka mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alipoiteka Ngome ya Mombasa na kuwakamata wakuu wao. Waliosalia walitawanyika, tawi moja likaenda Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, na jingine likatua Gazi. Huko Gazi ndiko alikokulia Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Kimazrui wa Mombasa, ambaye alishika uongozi wa tawi hilo katika miaka ya 1860 na kuishi maisha yake yote ya utu uzima akiamini kwamba Mombasa ni haki ya ukoo wake.

Mbaruk aliasi dhidi ya Unguja zaidi ya mara moja. Katika uasi wa mwaka 1882 majeshi ya Sultani Barghash yakiongozwa na Lloyd Mathews, afisa wa Kiingereza aliyeajiriwa Unguja, yalimzingira katika ngome yake ya Mwele, iliyofichika katika misitu nyuma ya vilima vya Shimba, na bado aliponyoka na baadaye akasamehewa. Utaratibu huo wa kuasi, kukimbilia Mwele na kupatana ulikuwa siasa inayoeleweka na pande zote mbili, kwa kuwa Sultani hakuwa na nguvu ya kummaliza na Mbaruk hakuwa na nguvu ya kuitwaa Mombasa. Nguvu zake zilitegemea washirika wa Kidigo na Kiduruma, pamoja na watumwa wenye silaha na watoro waliotafuta hifadhi kwake. Mbaruk hakuwa mtetezi wa wakulima wa Diani au Msambweni, bali bwana aliyewahitaji wakulima hao, na baadhi yao nao walimhitaji.

Miaka miwili, malodi wanne: 1885–1886

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka bara nyuma ya Saadani akikusanya mikataba ya machifu, na mwezi Februari 1885 serikali ya Bismarck ikaitia maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Sultani Barghash alipolalamika, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake mwezi Agosti, naye akanyamaza. Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imemhakikishia urafiki wake, haikumtetea, kwa sababu wakati huo ilihitaji kura ya Ujerumani katika mambo ya Misri, na Misri kwa London ilikuwa na uzito kuliko pwani yote kutoka Lamu hadi Ruvuma.

Ni vyema kuangalia ni nani waliokuwa wakiamua. Mambo ya Afrika ya Mashariki hayakuwa chini ya Ofisi ya Makoloni, kwa kuwa hapakuwa bado na koloni, bali chini ya Ofisi ya Mambo ya Nje. Kati ya mwanzo wa mwaka 1885 na mwanzo wa mwaka 1887 ofisi hiyo ilishikwa na Lord Granville, kisha Lord Salisbury, kisha Lord Rosebery, kisha Lord Iddesleigh, na baadaye Salisbury tena. Wanne hao wote waliketi katika Baraza la Malodi, yaani nyumba ya juu ya Bunge la Uingereza ambayo wajumbe wake hawakuchaguliwa na wananchi, wengi wao wakirithi viti kutoka kwa baba zao. Salisbury, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Cecil, alitoka katika nyumba iliyowahi kumpa Malkia Elizabeth wa Kwanza mshauri wake mkuu, miaka 300 kabla. Vyama vyao vilipingana, lakini jalada la Unguja lilihama kutoka meza moja hadi nyingine bila kubadilika mno, kwani watu hao walikuwa na malezi yaleyale, na wote waliona kwamba madai ya Sultani ni kitu cha kupimwa kwa mizani ya Ulaya.

Kupima huko kulifanywa na tume ya mataifa matatu, iliyokuwa na Kitchener kwa upande wa Uingereza, Schmidt kwa Ujerumani na Patrimonio kwa Ufaransa, ambayo ilipita bandari baada ya bandari katika mwaka 1886 ikichunguza kama Sultani ana askari, bendera na mtoza ushuru. Wajumbe hawakukubaliana juu ya kina cha mamlaka hayo kuelekea bara, na kwa kuwa ilibidi wakubaliane, walishuka mpaka kwenye kipimo kidogo ambacho hakuna aliyeweza kukikataa, nacho ni maili kumi kutoka ufukweni. Kipimo hicho hakikufuata mto, kilima, kaya wala njia ya biashara. Katika Kwale ya leo kiliwaweka Wadigo wengi wa pwani ndani ya milki ya Sultani na kuwaacha Waduruma wengi wa upande wa Kinango nje yake, ingawa watu hao walikuwa wakioana, wakiuziana nafaka na ng'ombe na kukimbiliana wakati wa njaa.

Makubaliano kati ya London na Berlin, yaliyokamilishwa kwa barua za tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886, wakati wa Iddesleigh, yaliongeza mstari wa pili. Mstari huo ulianzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea ziwa Jipe na kuuzunguka Kilimanjaro hadi ziwa Viktoria, ukitenga eneo la Wajerumani kusini na la Waingereza kaskazini. Wadigo na Wasegeju walikaa pande zote mbili za mto huo, na tangu hapo ndugu wa Vanga na ndugu wa Moa wakawa watu wa serikali mbili. Barghash aliyapokea makubaliano hayo mwezi Desemba, yakiwa yamekwisha kuandikwa. Salisbury mwenyewe baadaye aliwahi kufanya mzaha hadharani juu ya mataifa ya Ulaya kugawiana milima, mito na maziwa ambayo hayakujua hasa yako wapi, na mzaha huo ulikuwa wa mtu aliyejua anachokisema.

Kampuni, 1887–1895

Kuligawa eneo kulikuwa rahisi kuliko kulilipia. Hazina ya Uingereza haikutaka gharama, na Salisbury hakutaka kwenda kuomba fedha mbele ya Baraza la Makabwela, yaani nyumba ya chini ya Bunge inayochaguliwa na yenye mamlaka juu ya kodi. Njia iliyotumika ilikuwa ya kale: serikali ilimwachia mfanyabiashara atawale. Mwezi Mei 1887 Barghash aliwapa William Mackinnon, tajiri wa meli wa Kiskoti, na wenzake haki ya kuuendesha ukanda wake wa pwani kutoka Umba hadi Kipini kwa miaka 50, na mwezi Septemba 1888 kundi hilo likapata hati ya kifalme na kuwa Imperial British East Africa Company, ambayo watu wa pwani waliiita Kampuni tu.

Kusini mwa Mombasa, Kampuni iliweka kituo Shimoni na kujaribu kutoza ushuru Vanga, lakini haikujaribu kumtawala Mbaruk. Ilimlipa posho, ikamwachia Gazi na watu wake, na yeye akavumilia bendera yao. Mpango huo ulifaa kwa muda, kwani ulikuwa uleule aliokuwa nao na Sultani, isipokuwa mlipaji amebadilika.

Mwaka 1890 Salisbury alifanya tena biashara na Ujerumani. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai aliitoa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na Ujerumani ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, yaani ulinzi ambao humwacha mtawala kwenye kiti chake na kumnyang'anya mambo ya nje na mengi ya ndani. Ujerumani iliununua moja kwa moja kutoka kwa Sultani ukanda wa pwani uliokuwa upande wake kwa marki milioni 4, zilizokuwa sawa na takriban pauni 200,000. Fedha hizo zitarudi katika habari hii baada ya miaka mitano kwa njia ambayo Unguja haikuitarajia. Mpaka wenyewe ulipimwa upya mwaka 1893 na kuanzishwa kwenye hori la Jimbo, hivyo Vanga ikabaki upande wa Waingereza.

Majira ya Mbaruk, 1895–1896

Kufikia mwaka 1895 Kampuni ilikuwa imefilisika kwa gharama za kujaribu kuishika Uganda, na serikali ya Rosebery, aliyekuwa sasa Waziri Mkuu, ikaamua kuichukua nchi yenyewe. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Lord Kimberley. Tangazo la himaya mpya ya Afrika ya Mashariki lilitolewa katikati ya mwezi Juni, makabidhiano yakapangwa kufanyika Mombasa tarehe 1 Julai, na katikati ya siku hizo chache serikali ya Rosebery ikaanguka kwa kura ya Bunge iliyohusu risasi za jeshi la Uingereza. Tarehe 25 Juni Salisbury alirudi akiwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje kwa pamoja. Kwa hiyo himaya iliyoandaliwa na malodi wawili wa chama cha Kiliberali ilipokewa na lodi wa Kihafidhina, na ikapokewa pamoja na vita.

Vita hivyo vilianzia Takaungu. Liwali wa huko, Salim bin Khamis, alifariki mapema mwaka huo, na Kampuni ikamtambua mtoto wake, Rashid bin Salim, aliyeonekana mpole kwa Wazungu, badala ya Mbaruk mwingine, binamu yake, ambaye kwa desturi ya ukoo, iliyotanguliza umri na ukuu kuliko kuwa mtoto wa marehemu, alidhani zamu ni yake. Hapa utamaduni wa makabaila wa Uingereza, ambamo cheo hushuka kutoka kwa baba hadi mwana mkubwa, uliangukia kwenye nasaba yenye kanuni tofauti, na hata kama maafisa wa Kampuni walisukumwa zaidi na urahisi wao kuliko kanuni yoyote, matokeo yalikuwa yaleyale. Aliyenyimwa alichukua silaha, akashindwa, akakimbilia Gazi.

Mbaruk bin Rashid, ambaye sasa alikuwa mzee, alijikuta mahali pagumu. Kumtoa mgeni wa damu yake lingekuwa fedheha isiyofutika, na kumkaribisha kulimaanisha kuvunja maelewano na serikali mpya ambayo nguvu zake hakuzijua. Alijaribu kuchelewesha kwa barua na ahadi, kama alivyozoea na Unguja, lakini safari hii upande wa pili haukuwa na subira ya Busaidi, ukoo wa Sultani. Mwezi Julai Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza Unguja ambaye sasa alikuwa pia kamishna wa himaya mpya, alifika Gazi pamoja na askari wa manowari. Mbaruk aliondoka kuelekea Mwele. Tarehe 17 Agosti 1895 Admeri Harry Rawson, yuleyule ambaye mwaka mmoja baadaye angelipiga kasri la Unguja kwa mizinga, aliipanda ngome ya Mwele na kuiteka.

Kwa desturi ya miaka 30 iliyotangulia, kuanguka kwa Mwele kungefuatiwa na mapatano, lakini hapakuwa na mapatano. Waasi waligawanyika katika vikundi na kupigana kwa kuvizia kutoka mpaka wa Vanga hadi nyuma ya Malindi, vijiji vikachomwa, mashamba yakaachwa, na Wadigo na Wagiriama wakalazimika kuchagua upande katika ugomvi ambao chanzo chake hakikuwa chao. Serikali ilileta kikosi kutoka Uhindi mwezi Machi 1896, na mwezi uliofuata Mbaruk alivuka mpaka uleule uliochorwa mwaka 1886, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann wa upande wa Wajerumani akiwa na wafuasi wengi. Alikaa Dar es Salaam kwa posho ya Wajerumani mpaka alipofariki mwaka 1910. Nyumba yake ya Gazi baadaye ikatumiwa kuwa shule.

Kodi ya pango na bendera nyekundu

Hardinge alikuwa mjukuu wa Viscount Hardinge, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Uhindi katika miaka ya 1840, naye alilelewa katika imani kwamba nchi za Mashariki huendeshwa vyema kupitia wakuu wake wa asili. Tarehe 14 Desemba 1895 alitia saini pamoja na Sultani Hamad bin Thuwaini mkataba ambao uliiacha pwani katika milki ya Sultani na kuipa Uingereza utawala, kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka, pamoja na pauni 6,000 zilizokuwa riba ya asilimia 3 juu ya pauni 200,000. Asili ya kiasi hicho cha mwisho inafaa kuelezwa. Kampuni ilifidiwa pauni 250,000 ili iondoke, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka upande wa Unguja, katika fedha ambazo Wajerumani walikuwa wamelipa kwa ajili ya pwani yao. Kwa maneno mengine, Sultani aligharamia kununuliwa kwa haki aliyokuwa amewapa wafanyabiashara, ili haki hiyo iwaendee Waingereza, kisha akalipwa riba ya fedha zake mwenyewe.

Bendera nyekundu ya Sultani ilibaki ikipepea juu ya Ngome ya Mombasa, mkoa wa pwani ukaitwa Seyidie, yaani wa Seyyid, na Wilaya ya Vanga ikawa sehemu yake ya kusini. Chini ya afisa wa Kizungu walikaa liwali, mudiri, ambaye ni mtawala mdogo wa eneo, na kadhi. Hardinge aliutetea mfumo huu kwa dhati, na katika mambo ya dini na ndoa ulikuwa na manufaa ya kweli kwa Waislamu wa pwani, kwani mahakama za kadhi zilipata msingi wa kisheria uliodumu. Lakini ulikuwa mfumo wenye ngazi. Katika vijiji vya Kidigo mzee wa ngambi aligeuzwa mtu wa kukusanya kodi ya nyumba, naye liwali aliyekuwa juu yake alitoka katika familia za Kiarabu za mjini, na hivyo ngazi ambayo Sultani alikuwa ameshindwa kuijenga kusini mwa Mombasa ikajengwa kwa jina lake na watu wengine.

Ardhi isiyo na mwenyewe, 1905–1920

Mwaka 1905 himaya ilihamishwa kutoka Ofisi ya Mambo ya Nje, iliyokuwa chini ya Markisi wa Lansdowne, hadi Ofisi ya Makoloni, na mwishoni mwa mwaka huo Waziri wa Makoloni akawa Lord Elgin, aliyekuwa amekwisha kuwa mtawala wa Uhindi na ambaye babu yake ndiye aliyezichukua sanamu za Parthenon kutoka Athens. Naibu wake, Winston Churchill, mjukuu wa Duki wa Marlborough, alishuka Mombasa mwezi Oktoba 1907, mwezi uleule ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani hiyo. Mabwana waliweza kudai fidia kwa watumwa wao. Waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi, na wengi wao wakaendelea kulima katika mashamba waliyoyajua, wakiwa sasa wapangaji wasio na karatasi.

Karatasi ndiyo iliyokuwa jambo la mwaka uliofuata. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ndani ya ukanda wa maili kumi alete dai lake mbele ya msajili, na ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake halikukubaliwa, ikawa ya serikali. Sheria hiyo haikuwepo bara, ambako ardhi ya Waafrika ilihesabiwa kuwa ya serikali bila kuulizwa. Pwani ilitendewa tofauti kwa sababu ilikuwa ya Sultani, na sheria ya Kiislamu ilitambua umiliki binafsi wa shamba. Walioelewa umuhimu wa msajili, waliokuwa na hati za Kiarabu, mashahidi wa mjini na mawakili, walipata hati za milki ya kudumu ambazo zingeweza kuuzwa kwa mtu yeyote. Mkulima wa Diani au Msambweni ambaye shamba lake lilikuwa la ukoo, lililopumzishwa misimu kadhaa na kurudiwa, lenye minazi na miembe iliyopandwa na mjomba wa mama yake, hakuwa na la kuonyesha ila miti yenyewe, na mara nyingi habari ya msajili haikumfikia kabisa. Usajili wenyewe ulivurugwa na Vita vya Kwanza vya Dunia na haukukamilishwa pwani nzima.

Katika kipindi hichohicho kampuni iitwayo East African Estates ilipata eneo kubwa la ardhi kusini mwa Mombasa, na mashamba makubwa ya biashara yakajaribiwa katika nchi ya Gazi na bonde la Ramisi, ambako baadaye kilijengwa kiwanda cha sukari. Serikali iliitambua sehemu ya ardhi ya ndani kuwa hifadhi ya Wadigo, ila ardhi iliyo karibu na bahari, ambayo wakati huo ilithaminiwa kwa minazi na bado haikuwa na thamani ya hoteli, iliangukia katika mkusanyiko wa milki binafsi, ardhi ya serikali na mashamba ya kampuni ambao hakuna mwanakijiji aliyeweza kuusoma.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuja juu ya hayo. Wajerumani waliingia Vanga na kusonga hadi karibu na Gazi mwaka 1914, wakapigana na Waingereza Jasini, ng'ambo ya mpaka, mwezi Januari 1915, na wakazi wa Vanga na vijiji vya jirani wakahamishwa au wakakimbia. Mwele ilirudi kwenye habari mwezi Januari 1916, wakati Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa na shamba karibu na Mombasa, aliyewahi kwenda Makka akijifanya Mswahili wa Unguja, alipouawa huko akiongoza kikosi cha Waarabu wa pwani.

Duki na neno la mwaka 1923

Mwaka 1920 bara ilitangazwa kuwa Koloni la Kenya, nchi ya Mfalme wa Uingereza, lakini ukanda wa maili kumi haukuweza kutwaliwa kwa namna hiyo kwa sababu ya mkataba wa mwaka 1895, hivyo ukabaki Himaya ya Kenya. Tofauti hiyo ilionekana zaidi vitabuni kuliko barabarani, kwani gavana alikuwa mmoja na sheria nyingi zilikuwa moja.

Waziri wa Makoloni kuanzia Oktoba 1922 alikuwa Victor Cavendish, Duki wa Devonshire, mwenye moja ya milki kubwa zaidi za ardhi Uingereza, ambaye hapo kabla alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Alikuta mgogoro kati ya walowezi wa Kizungu, wakiongozwa na Lord Delamere, waliotaka serikali yao wenyewe, na Wahindi waliotaka haki sawa ya kura. Waraka alioutoa mwezi Julai 1923 uliwanyima wote wawili walichokitaka kwa kusema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatatangulia pale yatakapogongana na ya wengine. Waraka huo umesifiwa sana, na ni kweli uliwazuia walowezi wasiifanye Kenya kuwa kama Rhodesia ya Kusini. Hata hivyo viti vya baraza la kutunga sheria viligawanywa hivi: Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1, na mmisionari mmoja wa kusema kwa niaba ya Waafrika.

Kwa Kwale maana yake ilikuwa dhahiri. Mwarabu wa Mombasa alipata kiti, Mdigo akapata mmisionari, ingawa Wadigo walio wengi walikuwa Waislamu na mmisionari huyo hakuwa na la kuwaambia wala wao la kumwagiza. Tangu hapo kugombania nani ni Mwarabu na nani ni mwenyeji, suala lililogusa kodi, shule na hata chakula cha gerezani, kukawa sehemu ya siasa za pwani, na watu walioishi pamoja na kuoana wakaanza kutafuta nasaba za kuwatenganisha. Waraka uliotangaza kwamba Waafrika watatangulia ulikuwa umeirudisha, kwa upande wa pwani, ngazi ya Hardinge.

Mwambao, 1961–1963

Katika miaka ya 1950 serikali ilianzisha mpango wa makazi katika vilima vya Shimba na kuwaleta wakulima kutoka bara, jambo lililoongeza hofu ya wenyeji juu ya ardhi. Uhuru ulipokaribia, hofu hiyo ilipata sauti mbili zilizopingana. Waarabu na Waswahili wengi waliunga mkono harakati ya Mwambao, iliyodai kwamba kwa kuwa pwani haikuwa sehemu ya koloni, mkataba ukiisha inafaa ijitawale au irudi kwa Sultani. Viongozi wa Kiafrika wa vyama vya KANU na KADU, walioshindana karibu katika kila jambo, waliungana kuupinga mpango huo, ingawa KADU ya Ronald Ngala ilidai majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, ili watu wa pwani wasimezwe na bara. Kwa Mdigo asiye na hati, Mwambao ulimaanisha kurudi kwa liwali, na serikali ya Nairobi ilimaanisha mlowezi mpya kutoka bara.

London ilimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa gavana mkuu wa Nigeria, naye mwishoni mwa mwaka 1961 akapendekeza mkataba wa 1895 uvunjwe na ukanda uunganishwe na Kenya, dini na mahakama za kadhi zikihifadhiwa. Majina ya London wakati huo yanavutia macho. Waziri Mkuu Harold Macmillan alikuwa amemwoa binti wa Duki yule wa waraka wa 1923. Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makoloni kuanzia 1962 alikuwa Markisi wa Lansdowne, mjukuu wa Lansdowne aliyeisimamia himaya hadi 1905. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Lord Home, ambaye mwezi Oktoba 1963 aliuacha ulodi wake ili awe Waziri Mkuu, na ndiye aliyekuwa madarakani bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi. Mamlaka halisi yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa mawaziri wa kuchaguliwa kama Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, lakini familia zilezile zilikuwa bado chumbani.

Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, walibadilishana barua, na siku tatu baadaye Sultani Jamshid bin Abdullah akakubali kuiachilia milki yake ya pwani kuanzia tarehe 12 Desemba. Barua hizo ziliahidi uhuru wa dini, mamlaka ya kadhi yadumu, maafisa wa maeneo yenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, na hati za milki ya kudumu zilizokwisha kusajiliwa katika pwani zitambuliwe wakati wote. Kuhusu waliokuwa wakilima bila hati, barua hazikusema lolote. Jamshid alipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya mkataba kuanza kazi, akakimbilia Uingereza, na hati za ardhi za Diani, Msambweni na Gazi zilizosajiliwa kwa sheria ya mwaka 1908 zikaendelea kuwa halali katika jamhuri mpya.